Ng'ombe wa Msiba wa Bibi wa Dukani

Mwalimu hakuabudu ng'ombe. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Kyela bado wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaokaa kwenye vibanda vya chai na kulisimulia jambo hilo kana kwamba walimkuta amepiga magoti zizini. Mimi nilimjua tangu nikiwa mwanafunzi wake hadi nikawa mama mwenye watoto, na nimekula naye nyama ya ng'ombe mara nyingi. Alipenda mbavu. Alipenda zile za kuchoma zinazouzwa karibu na stendi ya mabasi ya Mbeya, akazitafuna mpaka mfupa ukabaki mweupe, kisha akafuta vidole kwa leso na kuniuliza kama bado nilikihitaji kipande changu. Kumwita mtu wa namna hiyo mwabudu ng'ombe ni kukosa haya.

Kila mtu alimwita Mwalimu, hata ambao hakuwahi kuwafundisha, hata mchungaji. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Katika kwaya ya kanisa letu alishika sauti ya pili kwa miaka mingi, na akisafiri nyimbo zilipwaya. Alikuwa na baiskeli ya kiume aliyoipanda bila aibu, kanga imefungwa juu ya gauni, akikatiza katikati ya mashamba ya mpunga. Ukimsalimu kwa Kinyakyusa, "Mugonile, Mwalimu," alisimama kabisa, akashuka, akakuuliza habari za watu wa kwako mmoja baada ya mwingine, mama mkwe na hata yule mjomba mlevi. Kusalimiana akiwa juu ya baiskeli aliona ni dharau, na kwa sababu hiyo alichelewa kila mahali alikokwenda.

Na alikuwa na swali lake. Umletee habari yoyote, ya siasa, ya ndoa ya mtu, ya mizizi inayotibu kila ugonjwa, alikutazama juu ya miwani na kusema, "Umesoma au umesikia?" Ukisema umesikia, alirudi kwenye shughuli zake. Ukisema umesoma, alitaka kujua umesoma wapi, na aliyeandika alijuaje. Tuliliogopa swali hilo darasani na tukaendelea kuliogopa tukiwa na vitambi vyetu. Laiti kila mtu wa mji huu angeulizwa hivyo mara moja kwa wiki, mengi ninayoyaandika hapa yasingetokea.

Alifundisha historia sekondari mpaka akastaafu. Wenzake wakistaafu hufuga kuku au hupanda kakao. Yeye alirudi kusoma, chuo kikuu. Mimi nina steshenari karibu na soko, na ndimi niliyemchapia kazi yake yote, kwa hiyo najua alichokuwa akikitafuta kuliko wale waliomhukumu. Alitaka kuelewa namna mafundisho ya Kihindu, maandiko yake na desturi zake, yanavyoishi katika maisha ya leo mahali ambapo hakuna hekalu wala kuhani. Mahali hapo palikuwa duka moja la vitambaa na vyombo katika mtaa wetu, na aliyekaa humo tulimwita Bibi wa Dukani. Mumewe alikwisha kufa, mwanawe wa pekee aliishi ng'ambo, na familia nyingine za Kihindu zilikuwa zimehamia Mbeya au mbali zaidi. Alibaki yeye, na duka, na taa yake ndogo ya sala.

Wengi wetu hatukujua hata tofauti ya Mhindi na Mhindu. Jambo hilo lilimkera Mwalimu kupita kiasi. "Mhindi ni asili yake, Mhindu ni dini yake," aliniambia siku ya kwanza nilipokosea kuchapa. "Mmezaliwa mnamkuta mtaani. Anajua mchungaji wenu anaitwa nani, anajua Kwaresima inaanza lini, anapunguza sauti ya redio mkiwa na msiba. Ninyi mnajua nini juu yake? Kwamba anauza uzi." Mimi nilikuwa najua hilo tu, kweli, na kwamba uzi wake haukatiki.

Basi akaanza kwenda kukaa dukani. Alijifunza maandishi yao kuanzia herufi ya kwanza, akayaandika makubwa makubwa kwa penseli, na Bibi wa Dukani akamsahihisha kwa ukali ule ule ambao Mwalimu alitusahihisha sisi. Alipoanza kusoma beti fupi za Kisanskrit peke yake alikuja kwangu na kunisomea, mimi nisiyejua hata neno moja, huku wateja wangu wakisubiri kopi za vyeti vyao. Sijamwona akifurahi namna ile hata siku alipostaafu na kupewa kitenge na wenzake.

Aliyoyaandika hayakuwa mambo ya angani. Bibi wa Dukani alikuwa na mmea mtakatifu wa mrihani ndani ya kopo la rangi, nyuma ya duka. Mafuriko ya Kyela yalipouondoa, alichukua kivumbasi kilichoota nyuma ya steshenari yangu, akakipanda mahali pake, akakimwagilia na kukizunguka kila asubuhi kama alivyofanya kwa ule wa kwanza. Mwalimu akamuuliza kama maandiko yanaruhusu. Bibi akamjibu, "Mungu hajui mafuriko ya Kyela?" Jibu hilo Mwalimu aliliandika likawa mwanzo wa sura nzima. Jioni taa iliwashwa kwa samli, na samli ikikosekana, kwa mafuta ya alizeti. Simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari ili wajukuu wa ng'ambo waone taa na wasikie kengele, na mteja aliyetaka vifungo wakati huo aliambiwa angoje. Siku ya kumkumbuka mumewe alipika mchele wetu huu huu wa Kyela, akaufinyanga madonge, akawawekea kunguru uani.

Kunguru hao walimkumbusha Mwalimu nyumbani kwao. Bibi yake mwenyewe, aliyembeba mgongoni, alikuwa akiwawekea wazee waliotangulia chakula mgombani, na watu wa kwao walipoambiwa ni upuuzi wakaacha kwa aibu. "Aliyewaambia ni upuuzi hakuwa amewauliza swali hata moja," Mwalimu alisema. "Mimi angalau nauliza kwanza." Kisha akaniambia nisikae tu kumtazama, umeme umerudi, niendelee kuchapa.

Wasije wakadhani alikuwa anasifia kila alichokiona. Kwa muda mrefu Bibi wa Dukani hakumruhusu kuingia jikoni wala kugusa mtungi wa maji, na Mwalimu alijua sababu, kwa kuwa alikuwa ameisoma. Mambo ya matabaka, ya nani safi na nani si safi, aliyaandika bila kumung'unya, kisha akayapeleka dukani na kumsomea mwenyewe Bibi kwa Kiswahili, neno kwa neno. Wiki kadhaa hawakusemeshana. Nilikuwa naona baiskeli ya Mwalimu inapita mbele ya duka bila kusimama, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kumwaga sumu. Halafu asubuhi moja Bibi wa Dukani alitoka, akasimama katikati ya barabara, bajaji zikampigia honi, akamshika Mwalimu usukani. "Njoo unywe chai," alisema. "Jikoni." Tangu siku hiyo alimwita dada.

Kuna mtu mwingine ambaye bado namkasirikia ingawa sijawahi kumwona, naye ni msimamizi wake wa chuo. Alipiga simu siku moja Mwalimu akiwa dukani kwangu, na kwa kuwa masikio yake hayakuwa mazuri tena, simu ilikuwa kwenye spika. "Mama, nakushauri ubadilishe mada," yule bwana alisema kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mnyakyusa na Uhindu, wapi na wapi? Andika juu ya ngoma za kwenu, juu ya vyakula vyenu. Huko ndiko utakakokuwa na sauti."

Mwalimu alivua miwani. "Daktari," alisema, "hapa kwetu wamekuja watu wa kila taifa kutuandika. Wamepima vichwa vyetu, wameandika tunavyooa na tunavyozika. Hakuna aliyewauliza wapi na wapi. Mimi nikivuka barabara kwenda kumuuliza jirani yangu anavyosali, ndipo unaniomba kibali?" Mada haikubadilishwa, lakini kila sura ilirudi na alama nyekundu ambazo hata mimi, mchapaji tu, niliona kuwa ni za uchokozi.

Bibi wa Dukani alifariki wakati wa masika. Joto la huku mnalijua, maiti haingoji. Mwanawe asingeweza kufika, na kuhani wa Mbeya alikwama njiani kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Kwa desturi yao maiti huchomwa, na anayewasha moto ni mtoto wa kiume. Yule mwana alipiga simu analia, akamuuliza Mwalimu kama kuna njia nyingine. Mwalimu alimweleza alichokijua, kwamba siku hizi katika familia nyingi binti huwasha, au ndugu, na kwamba wapo wataalamu wa dini yao waliolikubali hilo na wapo waliolikataa. "Uamuzi ni wako, si wangu," alimwambia. Yule mwana akasema, "Mama alikuita dada. Basi wewe ni mama yangu mdogo. Washa."

Ng'ombe alifika wakati wanawake wakimwosha marehemu. Aliletwa na mzee wa kanisa letu, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana cha mtaa, na nitamwita Mzee. Nitamtendea haki: alikuja kwa upendo. Bibi wa Dukani alikuwa mwanachama wa kikundi kile kabla ya wengi wetu, na hakuna msiba uliokosa sukari yake na kitambaa chake cheupe cha sanda. Hapa kwetu mtu mzito hazikwi bila ng'ombe, na Mzee hakuleta fahali aliyechoka bali mtamba, mweusi, mwenye baka jeupe shingoni, aliyemchagua mwenyewe. Vijana wa kikundi walikuwa tayari wananoa visu kwenye ngazi ya jikoni.

Mwalimu alitoka na mikono yake bado ina maji. Akasimama kati ya visu na yule mnyama.

"Tata, huyu hapana," alimwambia Mzee, kwa neno letu la kumwita baba.

"Hapana nini, Mwalimu? Marehemu ni mwenzetu. Kikundi hakiwezi kumzika mkono mtupu."

"Kwao ng'ombe hachinjwi. Tukimchinja hapa mlangoni kwake tutakuwa tumemtukana."

Mzee aliangalia vijana, akaangalia majirani waliojaa uani. "Kwa hiyo ng'ombe wetu ni tusi?"

Nilijisemea kwamba sasa msiba umeharibika. Lakini Mwalimu alikuwa amesoma, na alichokisoma kilimsaidia saa ile. Aliwaeleza kwamba katika desturi yao mtu akifa ng'ombe hutolewa zawadi akiwa hai, kwa jina la marehemu, na kwamba mnyama huyo ndiye anayemvusha mto ulio kati ya huku na kule. "Mmeleta kitu chenyewe hasa," alisema. "Ni kisu tu ambacho hakihitajiki. Tata, nipe kamba mkononi, useme ni kwa jina lake."

Mzee alisita. Kisha akampa kamba na kusema, "Kwa jina lake." Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama mwanamke yeyote wa Kinyakyusa anavyompokelea mkubwa wake kitu. Hilo ndilo goti lililosimuliwa baadaye. Mimi nilikuwepo, lilikuwa la adabu kwa Mzee, lakini waliosimulia walilihamishia kwa ng'ombe.

Tulikwenda kando ya mto nje ya mji, pale Wahindu wa zamani walipokuwa wakichomea maiti zao. Mwalimu aliwasha. Kuhani alikuwa anasoma kwa simu kutoka alikokwama, na sote tulikuwa tukimsikia, mpaka mtandao ukakata katikati ya maneno. Moto ulikuwa umeshashika. Mwalimu alitazama simu, akaiweka mfukoni, akaendelea kusoma mwenyewe kuanzia pale kuhani alipoishia, polepole, kwa sauti ile ile aliyotusomea imla. Wanawake wa kwaya walisimama nyuma na ndizi zao na mchele wao vichwani, hawajui wafanye nini, kisha mmoja akaanzisha wimbo wa msiba wa Kinyakyusa kwa sauti ya chini na wengine wakamfuata. Siku ya pili majivu yalipelekwa Ziwa Nyasa, upande wa Itungi, na ng'ombe akapelekwa kufugwa kwa Mwalimu. Nilirudi nyumbani nikiamini kuwa tumemzika jirani yetu vizuri.

Hata mwezi haukuisha, Mwalimu akaitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa. Mashtaka yalikuwa mawili: amesoma sala za sanamu hadharani, na anafuga ng'ombe wa sanamu nyumbani kwake. Aliyeyatoa ni Mzee. Yule aliyeleta ng'ombe! Yule aliyesema "kwa jina lake" mbele yetu sote! Aibu aliyoipata pale uani mbele ya vijana ilikuwa imemkaa tumboni na sasa alikuwa ameipa jina la imani. Walimpa masharti. Asimame Jumapili mbele ya usharika akiri kosa, na yule ng'ombe achinjwe siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe ale nyama yake pamoja nao ili wote waone.

"Mzee," Mwalimu aliuliza, "hayo ya sanamu umesoma au umesikia?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Uliona nawasomea wafu wenu pia, katika kila msiba, tangu nikiwa binti. Nilimsomea jirani yangu maneno aliyotaka asomewe. Kuhusu nyama, nitakula. Leteni ng'ombe mwingine hata leo. Lakini huyu si wangu kumchinja. Alitolewa amvushe mtu, nami nikimchinja nimemwacha mwenzangu katikati ya mto."

Mchungaji, aliyekuwa kijana mwenye hofu ya wazee wake, aliuliza kwa upole kama kweli yeye, Mkristo, anaamini kuna mto huo. "Yeye aliamini," Mwalimu alijibu. "Ahadi nilimpa yeye." Wakamtenga.

Kwa msomaji wa mbali nieleze maana yake. Aliyetengwa hakaribii Meza ya Bwana, haimbi kwaya, na akifa kabla ya kurudi kundini mchungaji havai joho kwa ajili yake, kengele haigongwi, kwaya ya kanisa haiji. Anazikwa kama mtu asiye na watu. Huku kwetu, ambako mtu hujitayarishia msiba wake kwa kwenda kwenye misiba ya wengine maisha yake yote, hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Na mezani pale nawajua wanaobaki. Wapo wanaowapiga wake zao, na yupo aliyewafukuza wajane wa kaka yake shambani, na wanasogea mbele kwa miguu laini wanapokea. Aliyekatazwa ni yule aliyemzika jirani.

Hakuacha kuja. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango na akaimba sauti yake ya pili kutoka huko huko, na kwaya ilimfuata bila kugeuza shingo, kwa maana bila yeye walipotea. Ikifika saa ya Meza aliinuka mwenyewe, akatoka nje, akasimama ameshika baiskeli mpaka ibada imalizike. Mvua ikinyesha alisimama kwenye mvua, na hakuna mzee aliyemwambia arudi ndani.

Yule mtamba alizaa, maziwa yakawa mengi. Mwaka huo huo mkwe wa Mzee alifariki kwa uzazi akaacha mtoto mchanga. Mtoto alipofikia kuruhusiwa maziwa ya ng'ombe, Mwalimu alimpelekea Mzee ujumbe mmoja tu, kwamba maziwa yapo. Nami nilikuja kugundua kwa bahati, nilipopita kwa nyuma, kwamba kila asubuhi Mzee alipita njia ya mgombani, chombo cha maziwa amekificha ndani ya koti, akachukua maziwa ya ng'ombe wa sanamu na kurudi kwake bila kuonwa. Jumapili alikuwa anasimama mbele na kutuonya juu ya miungu mingine. Niliposikia hivyo nilitaka kupiga kelele sokoni. Mwalimu alinikataza, na kwa ajili yake nikameza.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye ilikuwa asubuhi, nyumbani kwake. Miguu ilikuwa imevimba, ameiweka juu ya kigoda barazani, na baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani na kuku wamelala juu ya kiti chake. Nilikuwa nimempelekea sura ya mwisho niisome naye. Alikuwa akifuata mistari kwa penseli na kupumua kwa taabu. Ndipo Mzee akatokea mgombani. Aliponiona alisimama, akataka kugeuka, lakini chombo kilikuwa kimeshamtoka kwenye koti.

"Karibu, Tata," Mwalimu alisema. "Huyu ni mtu wangu."

Alikaa. Alizungumza akitazama chini. "Mwalimu, umri umekwenda, na hali yako naiona. Nakuomba. Mchinje tu yule mnyama nami nitasimama mwenyewe mbele ya baraza la wazee niseme umerudi. Utazikwa na watu wako. Ng'ombe wa maziwa nitatafuta mwingine."

"Siku ile ulinipa kamba ukasema kwa jina la nani?"

Mzee alijibu, "La marehemu."

"Basi kamwombe yeye ruhusa." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, chukua chombo cha Tata ukamjazie."

Nilikataa. Sikuwahi kumkatalia Mwalimu kitu lakini siku hiyo nilikataa, nikasimama nikamwambia Mzee maneno ambayo mwanamke wa rika langu hamwambii mtu wa rika lake. Nilimwambia anakunywa kwa mlango wa nyuma na kutema kwa mlango wa mbele. Nilimwambia kwamba mtenga watu angeanza na tumbo lake. Alikuwa ameinamisha kichwa, na hilo likanipandisha zaidi.

"Inatosha," Mwalimu alisema. "Maziwa ni ya mtoto. Mtoto hajamtenga mtu."

Nikajaza. Mzee alipokea, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, Mwalimu," kwa sauti ambayo sikuipenda kwa sababu ilikuwa ya kweli, akaondoka alikotoka. Nami nikalia kwa hasira. Nikamuuliza Mwalimu haoni kwamba wanamtupa, na akifa hivi hivi nani atamzika.

Alichukua tena penseli. Katika maandiko aliyoyasoma miaka yote ile, jambo alilolirudia kuliko mengine ni kwamba mtu afanye kazi iliyo yake na asing'ang'anie kitakachotoka humo. Siku zote nilimwambia ni fundisho la watu wasio na madai. Sasa alinitazama juu ya miwani.

"Kunizika si kazi yangu, mwanangu," alisema. "Ni kazi yenu. Yangu ilikuwa kusoma, na kuimba, na huyu ng'ombe. Hebu njoo hapa. Umeandika Wahindi, weka Wahindu."

Kanisa lilitimiza neno lake. Alipokufa kengele haikugongwa na mchungaji hakuja. Wanawake wa kwaya walikuja bila majoho, kwa kuwa majoho ni ya kanisa, wakakaa chini uani na kuimba, na pale sauti ya pili inapoingia wakawa wanashikwa na kilio. Wanaume walikuwa wachache. Vijana wawili walikuwa mgombani wanachimba kaburi, na ardhi ya huku ikiwa na maji ni nzito.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nimeshika kamba ya ng'ombe. Nilijua watakuja na visu, tena kwa heshima, kwa sababu mtu kama yule hazikwi bila ng'ombe. Nilikuwa nimeshajipanga maneno yote.

Aliyekuja ni Mzee, kwa njia yake ya mgombani. Hakuwa na kisu. Alikuwa na chombo, na safari hii hakukificha.

"Mtoto hajanywa tangu jana," alisema.

Maneno yangu yote nikayaacha. Nilichuchumaa nikakamua, kwa hasira, na ng'ombe aliijua hasira hiyo akawa anahamisha miguu. Nilimpa chombo chake kikiwa kimejaa. Kisha nikamwonyesha majembe yalikoegemezwa.